Aina za Seli za Ubongo na Mkono Unaotetemeka: Somo kutoka Ukanda wa Dhahabu wa Ushirombo na Geita

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Kwa miaka mingi wilaya hiyo ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Kuanzia hapo kuelekea Mbogwe, Nyarugusu na Rwamagasa, wachimbaji wadogo wa dhahabu hufanya kazi usiku na mchana. Mawe hutolewa duarani, husagwa kwenye karasha, na unga wake huoshwa mwaloni. Mchanga mzito unaobaki katika karai huchanganywa na zebaki, ambayo huinasa dhahabu na kufanya nayo donge moja liitwalo amalgamu. Donge hilo huminywa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni. Zebaki hupanda hewani, dhahabu hubaki.

Miongoni mwa watu waliofanya kazi ya kuchoma kwa muda mrefu, wapo ambao mikono huanza kutetemeka. Chai humwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mwandiko huharibika, usingizi hupungua, na mtu aliyejulikana kwa upole huwa mwepesi wa hasira au huwakwepa wenzake. Majirani husema ni pombe, au uzee uliowahi, au mkono wa mtu. Lakini mgonjwa huyohuyo huwatambua watoto wake, husikia vizuri, na huinua mzigo kwa nguvu zilezile za zamani. Kama sumu imeingia ubongoni, kwa nini imeharibu hiki na kuacha kile?

Jibu la swali hilo limo katika tawi la sayansi ya ubongo ambalo limepiga hatua kubwa katika miaka ya karibuni, nalo ni uchunguzi wa aina za seli za ubongo. Somo hili linaeleza jinsi aina hizo zilivyogunduliwa, jinsi kila ugonjwa unavyochagua seli zake, na kwa nini jambo hilo linamhusu mchomaji wa dhahabu wa Ushirombo sawasawa na mtafiti aliye maabara.

Ubongo si kitu kimoja

Mtu akiutazama ubongo kwa macho huona nyama laini yenye mikunjo, ya rangi inayokaribiana kila mahali. Sura hiyo hudanganya. Ndani yake zimo seli za neva, yaani neuroni, ambazo hupokea na kupeleka habari kwa umeme na kemikali. Zimo pia seli za glia zenye kazi nyingi: astrositi hulisha neuroni na kuondoa kemikali zilizozidi kati yao, oligodendrositi huzungushia nyuzi za neva utando wa mafuta unaoharakisha habari, maikroglia hulinda na kusafisha.

Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Brazil, akiwemo mwanasayansi wa ubongo Suzana Herculano-Houzel, lilichapisha hesabu ya seli za ubongo wa binadamu. Walizipata neuroni zipatazo bilioni 86, na idadi inayokaribia hiyo ya seli zisizo neuroni. Hesabu hiyo iliondoa dhana iliyorudiwa vitabuni kwa miaka mingi, kwamba seli za glia ni mara kumi ya neuroni.

Hata hivyo, kuhesabu seli si kuzitambua. Mtu anaweza kuhesabu watu wote walio gulioni bila kujua nani mkulima, nani mfugaji na nani mganga wa meno. Kazi ya kuzitambua ilianza mapema zaidi, kwa hadubini na rangi.

Kutoka rangi ya Golgi hadi ramani ya seli

Mwaka 1837 Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, alieleza seli kubwa alizoziona katika ubongo mdogo, sehemu iliyoko nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa. Seli hizo huitwa seli za Purkinje hadi leo. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alivumbua namna ya kupaka rangi kwa chumvi ya fedha, ambayo hugusa seli chache tu kati ya nyingi, lakini huzionyesha nzima pamoja na matawi yake yote. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania aliichukua njia hiyo, akaiboresha, na mwaka 1888 akachapisha uchunguzi wake wa ubongo mdogo wa ndege. Alionyesha kwamba neuroni ni seli zinazojitegemea, zinazokaribiana bila kuungana kuwa wavu mmoja. Yeye na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906, ingawa Golgi mwenyewe aliendelea kuikataa hoja hiyo.

Cajal alizitenganisha seli kwa umbo. Lakini umbo halitoshi. Seli mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kemikali zinazozitumia na kwa sumu zinazozidhuru. Tofauti hiyo huonekana ndani ya kiini. Seli zote za mtu mmoja hubeba karibu kitabu kilekile cha jeni. Kinachozitenganisha ni kurasa ambazo kila seli huzifungua na kuzisoma. Jeni inayosomwa hutoa nakala ya RNA. Anayeweza kusoma nakala za RNA zilizomo katika seli moja huweza kujua seli hiyo ni ya aina gani.

Zamani kipande cha ubongo kilisagwa chote pamoja, kisha RNA yake ikapimwa. Njia hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mchimbaji ataielewa upesi. Mawe ya maduara kumi yakisagwa pamoja katika karasha moja, mtu atajua wastani wa dhahabu iliyomo, lakini hatajua ni duara lipi lenye dhahabu na lipi ni tupu. Njia mpya husaga kila jiwe peke yake. Viini vya seli hutenganishwa, kila kimoja huzingirwa katika tone dogo sana la kimiminika, na RNA yake hutiwa alama ya pekee kabla ya kusomwa. Kompyuta huvikusanya pamoja viini vinavyofanana.

Mnamo Oktoba 2023 Kimberly Siletti, Sten Linnarsson na wenzao, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden na Taasisi ya Allen ya Seattle, Marekani, walichapisha ramani ya namna hiyo. Walisoma viini zaidi ya milioni 3 kutoka takribani sehemu mia moja za ubongo wa watu wazima watatu waliokwisha kufariki. Waliyapata makundi makuu 461 na makundi madogo 3,313.

Katika ramani hiyo yapo mambo mawili ya kushika. Kwanza, aina nyingi zaidi hazikupatikana katika gamba la ubongo mkubwa, linalohusishwa na fikra, bali katika sehemu za ndani na za kale, likiwemo shina la ubongo, linalosimamia pumzi, usingizi na mapigo ya moyo. Pili, watafiti hawakudai kwamba idadi ya aina imekwisha kujulikana. Watu watatu hawawezi kuwakilisha binadamu wote, wala mpaka kati ya aina moja na nyingine hauko wazi kila mahali. Ramani ni mwanzo wa safari.

Ubongo mdogo: seli nyingi, aina chache

Ubongo mdogo unafaa kuwa mfano wa somo hili. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini kati ya neuroni bilioni 86, takribani bilioni 69 zimo humo. Karibu zote ni za aina moja iitwayo seli za punje. Ni ndogo mno, na zimesongamana kama punje za ulezi ghalani. Juu ya tabaka lao zimepangwa seli za Purkinje, ambazo ni kubwa na chache. Matawi ya kila moja hutanuka kama mti mkubwa uliobanwa kati ya kurasa mbili za kitabu.

Kazi zao hutegemeana. Seli za punje hupokea habari za mwili, kama vile mkono uko wapi, mguu umekanyaga nini, na ubongo mkubwa umeagiza nini. Huzipeleka kwa nyuzi nyembamba zinazopita katikati ya matawi ya seli za Purkinje. Seli moja ya Purkinje huguswa na nyuzi zaidi ya laki moja. Seli ya Purkinje hujumlisha yote hayo, kisha hutoa amri moja. Hakuna njia nyingine ya habari kutoka katika gamba la ubongo mdogo ila kupitia seli za Purkinje.

Matokeo ya kazi hiyo ni mwendo ulionyooka. Mkono unapokwenda kushika kikombe, ubongo mdogo hulinganisha kilichokusudiwa na kinachotendeka, na kusahihisha kosa kabla halijaonekana. Mfumo huo ukiharibika, nguvu hubaki lakini usahihi hupotea. Mkono hupita shabaha, hurudi, hupita tena. Mguu huyumba. Maneno hutoka kwa kukatika. Anayemtazama mtu huyo kwa mbali humdhania mlevi.

Minamata: seli zilizoitaja sumu

Mwaka 1956, katika mji wa Minamata huko Japani, madaktari walitoa taarifa ya ugonjwa wa ajabu miongoni mwa wavuvi na familia zao. Wagonjwa waliyumba, walitetemeka, walipoteza hisia za vidole, na uwanja wao wa kuona ulifinyika kana kwamba wanatazama kupitia bomba. Paka wa mji nao walianza kucheza kwa kizunguzungu na kufa. Mwanzoni hakuna aliyejua chanzo. Wengi walihofia ugonjwa wa kuambukiza.

Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, akiwemo mtaalamu wa patholojia Tadao Takeuchi, walizitazama bongo za waliofariki kwa hadubini. Katika ubongo mdogo seli za punje zilikuwa zimetoweka kwa wingi, ilhali seli za Purkinje nyingi zilikuwa zimesalia. Katika ubongo mkubwa, sehemu ya nyuma inayopokea habari za macho ilikuwa imeharibika. Mchoro huo wa uharibifu ulikuwa umekwisha kuandikwa mahali pengine. Mwaka 1940 Donald Hunter na wenzake walieleza habari za wafanyakazi wanne wa Uingereza waliodhurika katika kiwanda cha dawa ya mbegu yenye zebaki ya methili. Mwaka 1954 Hunter na Dorothy Russell walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mmoja wao baada ya kufariki: seli za punje zilikuwa zimekufa na sehemu ya kuona imenyauka.

Kwa kulinganisha seli na seli, pamoja na vipimo vya samaki na matope ya ghuba, kundi la Kumamoto lilitangaza mwaka 1959 kwamba chanzo ni zebaki ya kikaboni. Ilikuwa imetoka katika maji machafu ya kiwanda cha kemikali, ikaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa watu. Aina ya seli iliyokufa ndiyo iliyosaidia kuitaja sumu. Hilo ndilo somo kuu la Minamata kwa daktari yeyote anayekutana na ugonjwa usiojulikana.

Zebaki moja, sura mbili

Hapa msomaji wa ukanda wa dhahabu anapaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa zebaki ya Minamata si ileile inayopanda kutoka katika karai. Zebaki huingia mwilini kwa sura tofauti, na kila sura ina njia yake.

Sura ya kwanza ni mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imetulia katika chupa iliyo wazi. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu anapouvuta, takribani asilimia 80 huingia katika damu kupitia mapafu. Kwa kuwa hauna chaji ya umeme, hupenya kwa urahisi kizuizi kinachoulinda ubongo dhidi ya vitu vilivyomo katika damu. Ukishaingia ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho katalasi huugeuza kuwa zebaki yenye chaji, na zebaki hiyo hushindwa kutoka. Ni kama samaki aliyeingia katika mgono.

Sura ya pili ni zebaki ya methili. Zebaki inayoangukia mitoni na katika mabwawa hubadilishwa na bakteria wa matope kuwa sumu hii, ambayo huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye asidi amino iitwayo sisteini, na kwa pamoja hufanana na methionini, kirutubisho ambacho ubongo hukihitaji. Mlango wa ubongo hufunguliwa kwa mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji.

Tofauti ya njia huleta tofauti ya seli. Zebaki ya methili huua seli za punje. Wanyama wa maabara waliovutishwa mvuke wa zebaki huonyesha picha nyingine: metali hujikusanya zaidi katika neuroni kubwa, zikiwemo seli za Purkinje na neuroni za mwendo za ugwe mgongo, kuliko katika seli za punje. Sababu za uchaguzi huo bado zinajadiliwa. Zebaki hupenda kushikamana na salfa na seleniamu zilizomo katika protini, na aina za seli hutofautiana kwa wingi wa protini za kujilinda, kwa ukubwa, na kwa kiasi cha nishati zinachotumia. Ramani za RNA huwawezesha watafiti kuuliza swali hilo aina kwa aina: ni seli zipi zinazosoma jeni za kujilinda, na zipi hazizisomi?

Rwamagasa na Ziwa Viktoria

Uchunguzi wa namna hii umefika pia katika ukanda wenyewe. Masazumi Harada, daktari wa Kumamoto aliyetumia maisha yake kuwachunguza wagonjwa wa Minamata, alishiriki katika utafiti wa wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 1999. Kundi lake lilipima zebaki katika nywele. Baadhi ya vipimo vya juu kabisa vilitokana na sabuni zenye zebaki zilizotumiwa kung'arisha ngozi, wala si samaki. Funzo lake lingali hai: anayetafuta zebaki katika mwili wa mtu asiulize kuhusu mgodi peke yake, bali pia kuhusu anachojipaka.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, madaktari kutoka Munich, Ujerumani, waliwapima watu zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wa Rwamagasa, na kundi dogo la kulinganisha lilikuwa la Katoro. Walipima damu, mkojo na nywele, na wakawafanyia uchunguzi wa neva. Wachomaji wa amalgamu walionyesha dalili za sumu ya zebaki kuliko kundi la kulinganisha, zikiwemo kutetemeka na kuyumba. Walioumia zaidi walikuwa wale waliokaa karibu na moto wa amalgamu.

Sumu nyingine, seli nyingine

Zebaki si peke yake yenye kuchagua. Katikati ya miaka ya 1980, wilayani Tarime katika Mkoa wa Mara, ulizuka ugonjwa uliowafanya watu, hasa watoto na wanawake, wakakamae miguu ghafla. Daktari William Howlett na wenzake waliuchunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Ulikuwa konzo, ugonjwa ulioelezwa kwanza nchini Kongo mwaka 1938. Ulitokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vyema wakati wa ukame, huku chakula kingine kikiwa haba. Sianidi ya mihogo ilizidhuru neuroni za juu za mwendo, zile zinazoshuka kutoka ubongoni hadi katika ugwe mgongo. Akili ya wagonjwa haikuguswa, wala hisia za ngozi. Seli nyingine zilisalimika.

Ugonjwa wa Parkinson nao huua neuroni za kundi moja la katikati ya ubongo zinazotengeneza dopamini. Mgonjwa wake hutetemeka mkono ukiwa umetulia pajani, na mtetemo hupungua anapouinua kufanya kazi. Mtetemo wa zebaki mara nyingi huwa kinyume chake: huzidi mkono unapokwenda kushika kitu. Mitetemo miwili inayofanana kwa mtazamaji wa kawaida ina asili katika seli tofauti.

Mtoto aliye tumboni

Jambo la kusikitisha kuliko yote katika habari za Minamata ni watoto. Akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili hafifu, walijifungua watoto wenye ulemavu mzito wa ubongo. Zebaki ya methili ilikuwa imevuka kondo la nyuma, na mvuke wa zebaki nao huweza kuvuka. Kwa mtu mzima sumu huchagua sehemu. Kwa mtoto aliye tumboni uharibifu huenea ubongo mzima.

Sababu yake hueleweka kwa aina za seli. Katika ubongo wa mtoto, seli bado zinazaliwa, zinasafiri kwenda mahali pake, na zinajifunza kuwa aina gani. Seli za punje huendelea kuongezeka na kusafiri hata baada ya kuzaliwa. Sumu inayofika wakati huo huivuruga safari yenyewe. Kwa hiyo mama mjamzito anayechoma dhahabu jikoni, au anayelala chumba kimoja na chupa ya zebaki, yumo katika hatari ya namna mbili, yake na ya mwanawe.

Kwa mhudumu wa afya

Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hahitaji mashine ya gharama ili kuanza uchunguzi. Amwambie mgonjwa aguse pua yake kwa kidole, kisha aguse kidole cha mhudumu, arudie mara kadhaa. Amwambie atembee kwa kuunganisha kisigino na ncha ya mguu mwingine. Ampe karatasi achore mzunguko wa konokono, na aihifadhi karatasi hiyo ili alinganishe baada ya miezi mitatu. Aangalie fizi, na aulize habari za usingizi, hasira na usahaulifu.

Kisha aulize kazi kwa maneno ya mgodini: je, unachoma? Unachomea wapi? Nani hukaa karibu wakati wa kuchoma? Unajipaka nini? Kama vipimo vya maabara vinapatikana, mkojo hufaa zaidi kwa aliyevuta mvuke, na nywele hufaa zaidi kwa anayehofiwa kula samaki wenye zebaki ya methili. Asisahau kwamba si kila mtetemo ni zebaki: pombe, tezi la shingo na baadhi ya dawa huweza kuuleta pia.

Lipo neno la matumaini. Seli iliyoumizwa haijafa bado. Mtu aliyedhurika na mvuke, akiondolewa mapema katika moshi huo, mara nyingi hupata nafuu ya mtetemo. Dawa za kuvuta zebaki kutoka mwilini zipo, nazo hutolewa na daktari baada ya vipimo. Lakini hakuna dawa inayoirudisha neuroni iliyokufa katika ubongo mdogo.

Kinga iliyo mikononi mwa watu

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa wachimbaji wadogo, mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha mambo manne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma amalgamu mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi katika marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa.

Njia bora kuliko zote ni kuitenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki. Pale ambapo hilo halijawezekana, retoti huokoa mengi. Hiki ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa maji. Mvuke hauendi hewani, hugeuka tena kuwa zebaki ya maji na kurudi kwa mwenyewe, naye hupunguza gharama ya kununua nyingine. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kuchoma jikoni, hata mara moja kwa wiki, huacha zebaki katika kuta, magodoro na nguo, nayo huendelea kutoa mvuke baada ya moto kuzimwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupima RNA ya kipande kizima cha ubongo hakutoshi kueleza aina za seli zilizomo?
2. Seli za punje na seli za Purkinje hutofautianaje kwa idadi, umbo na kazi?
3. Uchunguzi wa seli ulisaidiaje kukitambua chanzo cha ugonjwa wa Minamata?
4. Wagonjwa wawili wanatetemeka mikono: mmoja anapoitua, mwingine anapoinyoosha kushika kikombe. Ni seli zipi zinazoweza kuhusika kwa kila mmoja, na ni maswali gani ya kuwauliza?
5. Katika kijiji au mtaa wa msomaji, amalgamu huchomewa wapi, na nani hulala karibu na mahali hapo?